Chai ya Kijani na Hina ya Swafiya

Jumatano, Kibokoni. Joto la kunata. Pazia la mlangoni halijatikisika tangu alfajiri. Vidole vyangu vimeamka kabla yangu, vimevimba, vinauma, na nina hasira.

Nasema mapema, mtu asije akatafuta upole humu leo.

Kazi yangu ni kupaka hina. Maharusi wa mtaa huu na wa Kuze nimewapaka mimi, na baadhi yao hata mama zao niliwapaka. Ila tangu mwaka jana baridi yabisi imeniingia vidoleni, na koni ya hina, kitu chepesi vile, naiminya kama naminya jiwe. Daktari alinipa tembe. Nikawa nazimeza, nikapata nafuu.

Baada ya Idi, dada yangu Rukia akaja na boksi la chai ya kijani. Harusi ya bintiye Swafiya ilikuwa inakaribia, na Swafiya tangu utotoni husema hapakwi na mtu ila khale wake, yaani mimi.

"Wata hizo tembe, zakula tumbo," dada akaniambia. "Nwa hii asubuhi na jioni, uvimbe wote utatoka. Siku ya hina utakuwa na vidole vya msichana."

Nikaamini. Mfa maji haishi kutapatapa.

Mara ya kwanza niliichemsha kama chai yetu: maziwa, iliki, tangawizi na sukari. Ikatoka rangi ya maji ya mtaro. Dada akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanimiminia yake: maji ya moto na majani, basi. Chungu kama shubiri. Nikainywa vivyo hivyo, bila hata hamri la kusindikizia. Tembe nikazifungia kabatini.

Nisiisingizie chai. Asubuhi nyingine nilihisi vidole vimelegea kidogo. Lakini wiki iliyopita nilirudi kwa daktari nikiwa siwezi hata kufunga kifungo. Akasema majani hayo huenda yakasaidia kidogo kupunguza uvimbe, wataalamu bado wanachunguza, ninywe nikipenda. "Lakini mama, nani alikwambia uache dawa? Zirudie."

Mtu hamshitaki nduguye kwa daktari.

Leo asubuhi akabisha hodi Nasra, mpakaji hina wa Makadara. Kwetu mpakaji haingii nyumba yenye mpakaji wake bila kumwomba radhi kwanza. Akakaa ukingoni mwa kiti, macho chini.

"Nimekuja kukuomba radhi, bi Zainabu. Ijumaa nampaka Swafiya. Bi Rukia aliniambia mikono yako haiwezi tena, na kwamba wewe mwenyewe umeridhia."

"Alikwambia lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Kabla ya Ramadhani. Na chai ililetwa baada ya Idi.

Kwa hivyo alipokuwa akinimiminia kikombe kile huku anacheka, kazi ilikuwa ishapewa mtu. Ile haikuwa dawa, ilikuwa pipi ya kumnyamazishia mtoto. Najua atasema alinionea huruma. Huruma gani ya kumwachisha mgonjwa dawa? Angeniambia kweli ningelia siku moja nikanyamaza, na hina ningemkorogea Nasra mimi mwenyewe. Inaniuma kuliko vidole.

Nasra nimempa radhi. Ana adabu kuliko wa damu yangu.

Tembe nimezirudia mchana huu, kama daktari alivyoniagiza. Chai iliyobaki nitaimaliza, haijanikosea kitu.

Na Ijumaa nitakwenda. Bi harusi akishapakwa, hupakwa wanawake wa nyumba, na mimi ni wa nyumba. Nitakaa mbele ya Nasra, nitainyoosha mikono hii iliyovimba mbele ya wageni wote, kisha nitamwomba dada yangu anishikie vidole visitetemeke, mpaka hina ikauke.