Uchachu wa Ukwaju Ndani ya Kopo

Kasulu,
mvua bado zinanyesha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya lolote nakujulia hali. Mguu wako unaendeleaje, na bado unaswali umekaa? Baba naye, kikohozi kimempungua au bado anakificha ili asipelekwe hospitali? Sisi huku hatujambo. Abasi anakuamkia kwa adabu zote za mkwe. Tumbo langu limekua, na viatu sasa navaa vyake.

Barua yako ilifika na malori yaliyotoka Kigoma, imelowa pembeni lakini inasomeka. Unataka nipande treni hadi Dar, kisha nije Pangani nijifungulie kwako, kama wewe ulivyojifungulia kwa bibi. Najua kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake mzazi, na sijasahau kwamba umeshaniwekea chumba cha uani. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nijibu nini. Sasa najua, ila nivumilie kwanza nikusimulie habari ya keki, maana jibu nimelipata humo.

Ukwaju ulionitumia umekwisha zamani. Nilikuwa naumumunya kutwa, mpaka Abasi akaniuliza kama mtoto atazaliwa meno yamemfa ganzi. Huku milimani ukwaju sijauona. Kuna migomba, maharage, na baridi ya asubuhi inayomvalisha mtu wa pwani sweta mbili bila kuona haya.

Basi siku moja nilikuwa nafuta rafu za duka letu nikakuta kopo lililomdodea Abasi. Ndani mna chenga nyeupe kama sukari. Limeandikwa asidi ya tatariki, na hilo neno asidi ndilo lililofukuza wateja. Kila aliyesomewa alidhani ni ile tindikali ya betri ya gari. Nilikuwa karibu kulitupa, akaingia jirani yangu Esperansi. Huyu anauza mawese na maharage kibanda cha pili. Wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa mgongoni, na sasa wana mashamba Makere. Alikuja na shemeji yake, Mwalimu Deo, aliyeingia na wakimbizi wa juzi. Kule kwao alikuwa akifundisha kemia. Siku hizi hana darasa, kwa hiyo yeyote anayesimama karibu naye anafundishwa.

Akalishika lile kopo kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Madamu, usiogope," akaniambia. "Hii iko asidi ya matunda. Ukwaju ya kwenu, ule uchachu yake ndiyo hii. Zabibu pia iko nayo."

Nikachovya ncha ya kidole, nikalamba. Mama, nililia pale pale dukani. Uchachu ulikuwa wenyewe kabisa, ila harufu ya ukwaju haikuwemo. Esperansi akanishika bega, akasema, "Ihangane, dada," ndiyo pole ya huku. Mwalimu Deo hakujua la kufanya, akaendelea kufundisha.

Alinieleza kwamba mvinyo wa zabibu ukikaa kwenye mapipa, ubavuni hujenga ukoko mgumu. Watu huubandua, wakausafisha, wakapata unga huu. Uchachu wa limau na ndimu ni asidi nyingine, ndugu yake. Akasema dawa za unga za kiungulia, zile zinazotoa povu kwenye glasi, nyingine hutiwa hii hii. Nikakumbuka unavyosugua sinia za shaba kwa makapi ya ukwaju kabla ya Idi. Nikamwuliza, akafurahi kweli kweli. Kumbe ile kutu ya shaba inayeyushwa na asidi, ndiyo sinia inang'aa. Akanionya nisizidishe, chembe kidogo tu kwenye glasi ya maji, maana ikizidi inachoma tumbo na kula meno.

Sasa ndiyo keki. Mdogo wake Esperansi, Konsolata, alikuwa anaolewa Makere. Vijana wa siku hizi, hata wa shamba, wanataka keki, wamesikia habari zake redioni. Esperansi alikuwa ameshawaambia ukweni kwamba keki itapikwa na dada yake wa pwani, yaani mimi. Unanijua nikisifiwa, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Halafu mvua zikakata barabara. Hamira ikaisha mjini, Kibondo nako hakuna, na ule unga wa kuumulia keki wa kwenye makopo ndiyo usiuulize.

Mwalimu Deo akasema tunao. Chukua asidi ya tatariki, chukua magadi meupe ya kuokea, changanya vikiwa vikavu na unga wa ngano. Vikipata maji vinapigana, vinatoa hewa, hewa inainua keki. Nilimsikia vizuri. Lakini mikono yangu, mama, imelelewa na wewe. Siku moja kabla ya harusi niliamka alfajiri nikakoroga kila kitu, mayai, sukari, maziwa. Nikafunika sufuria kwa kitambaa safi, nikaiweka pembeni ya jiko penye joto, nikangoja iumuke. Wewe ulinifundisha kwamba kinyunya hakiharakishwi. Nikafua, nikapika, nikalala kidogo. Adhuhuri nikafunua, hakikupanda hata chembe. Nikasema labda moto utakitia moyo. Nikapalia makaa juu na chini. Kilichotoka humo ungeweza kukigongea msumari.

Esperansi alipofika alinikuta nimekaa chini, mikono mapajani. Sikuwa nalilia keki peke yake. Nilimwambia nimechoka na nchi ambayo hata kinyunya hakinisikii, nitapanda treni wiki ijayo niende kwa mama, tena sijui kama nitarudi. Ndiyo, nilisema hivyo, na Abasi alikuwa mlangoni, alisikia. Alikwenda kumwita Mwalimu Deo.

Mwalimu alikata kipande, akakitazama ndani, akaniuliza nilikingoja muda gani. Nilipomwambia tangu alfajiri, akatabasamu. "Hamira iko kitu hai, Madamu. Inakula sukari pole pole, inapumua pole pole, ndiyo unaingoja. Hii haiko hai. Maji ikigusa tu, asidi na magadi wanamaliza mambo yao hapo hapo. Hewa ilitoka asubuhi, wewe ukipiga usingizi." Akanieleza kwamba ni hewa ile ile ya kwenye chupa za soda. Kwenye keki, moto lazima uwahi kuugandisha unga hewa ikiwa bado ndani. Asidi na magadi vyote viwili huishia kuwa chumvi tu, ndiyo maana keki haiwi chachu.

Tatizo ni kwamba mayai yalikuwa yamekwisha. Esperansi akatoka. Aliporudi alikuwa na mama yake, Bibi Venansia, aliyeshuka kutoka Makere kwa shughuli ya harusi, na wanawake wa sokoni nyuma yake. Kila mmoja ana mayai kwenye upande wa kanga. Wengine sikuwa nimewahi kuongea nao zaidi ya salamu ya "Mwakeye" ya asubuhi. Wakajipanga bila kuelekezwa. Mmoja anapuliza makaa, mmoja anapaka sufuria mafuta, mmoja ameshika mfuniko kama askari. Mimi nikachanganya vikavu. Nilipomimina maziwa kinyunya kikachemka kwa vipovu, nikakoroga haraka mpaka mgongo ukanikaza nikalegea. Bibi Venansia akanitoa mwiko mkononi, akanikalisha kigodani, akamaliza yeye. Sufuria ikapanda motoni kabla vipovu havijalala.

Keki ilipanda, mama. Haikuwa ya kwenda kushindana, upande mmoja ulipasuka, lakini ilikuwa laini. Konsolata aliikata kesho yake Makere mbele ya ukoo wote. Wenzangu walikuwa na mtungi wao wa pombe ya ndizi, mimi na Abasi tulikunywa chai. Bibi Venansia akaja kukaa karibu yangu. Akauliza, "Ukijifungua, nani atakushika mgongo?" Nikamwambia mama yangu yuko mbali. Akasema, "Sijauliza nani yuko mbali." Akaniwekea mkono kiunoni, akauacha pale mpaka harusi ilipoisha.

Nikafikiri njia nzima ya kurudi. Hospitali ya Kabanga iko karibu. Treni na mabasi kwa tumbo hili naviogopa, na Abasi tangu siku ile ya jikoni ananitazama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Jana usingizi ulinijia vizuri kwa mara ya kwanza.

Nisalimie baba, kaka mkubwa na wifi, shangazi anayeshona, na bibi mwenyewe, mwambie dua zake zinanifikia. Watoto wa kaka wabusu kila mmoja.

Kile chumba cha uani mpe mgeni mwingine. Mimi sitakuja, mama. Naomba wewe uje, mvua zikikatika, unikande maji ya moto na unitunze mpaka arobaini, hapa kwangu. Nilipoandika hilo neno la mwisho nilisimamisha kalamu nikitaka kulifuta, lakini nimeliacha.

Akupendaye,
mwanao Mwanaidi