Mwaka Bila Baba Ashrafu na Glasi Yake ya Jumamosi

Mwaka umetimia, baba yetu mpendwa Ashrafu Haji, tangu ulipotutoka alfajiri ile hapa Bagamoyo, na nyumba bado haijazoea. Mkeo Mardhiya, mama yetu, hadi leo analala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani. Wa kwako hausogelei.

Ulikuwa mtu wa baa, Baba, na hatuoni haya kukutaja hivyo. Ulianzia melini, ukihudumia abiria wa mataifa yote, ukamalizia kwenye hoteli ya ufukweni hapa kwetu. Glasi ulizing'arisha, kisha ukazitazamia juani moja moja. Mgeni aliyezidisha ulimwekea maji, ukamfichia funguo za gari, na asubuhi ukamrudishia bila kumsema kwa mtu. Vijana uliowafundisha kazi walijaa mazikoni. Wengine hata hatukuwajua.

Na ulikuwa na jambo lako moja. Jumamosi baada ya swala ya alasiri ulikaa uani peke yako na glasi ya wiski, kiasi cha kulowesha ulimi, ukainusa kwa muda mrefu kuliko ulivyoinywa. Mwezi wa Ramadhani chupa ilipanda juu ya kabati, imeviringishwa gazeti. Hatujawahi kukuona umelewa. Hata hivyo Mama hakuipenda. Hakugombana nawe, alikufulia mashati, alikupakulia chakula, ila saa ile alishusha pazia la mlango akabaki ndani. Miaka yote ya ndoa mlikaa hivyo, wewe huku, yeye kule.

Ulipostaafu, mgeni mmoja wa zamani alikuletea burboni, wiski ya mahindi ya Marekani. Hiyo uliipenda kuliko zote. Ulitueleza, hata sisi tusiotaka kusikia, kwamba kwanza hulazwa miaka katika pipa jipya lililochomwa moto ndani, kisha huhamishiwa kwenye pipa lililokuwa na mvinyo mwekundu, imalizie umri wake humo. "Inatoka na harufu za nyumba mbili," ulisema. Ukawa unaitumia kidogo kidogo, kama anayeogopa kufika mwisho.

Halafu ukaugua koo. Mionzi uliyopigwa Dar es Salaam ilikupa muda, ikakunyang'anya pua na ulimi. Pilau ikawa kama pamba mdomoni. Jumamosi ya kwanza ulipopata nguvu ulitoka tena uani. Mama, nyuma ya pazia, akasikia ukiiweka glasi mezani, ukiiinua, ukiiweka tena. Kisha akasikia unalia.

Akatoka. Haya ametusimulia mwenyewe mwaka huu.

"Sisikii harufu yoyote, Mardhiya," ulimwambia. "Ninusie wewe."

"Mimi? Astaghfirullah!"

"Kunusa tu. Sikwambii unywe."

"Na Mungu nitamwambia nini?"

"Mwambie mumeo alikuwa mgonjwa."

Aliishika glasi kwa ncha ya khanga, akaisogeza puani, akakunja uso. "Inanuka dawa ya kidonda."

Ukacheka, kwa mara ya kwanza tangu utoke hospitali. "Huo ni ukali wa pombe. Iache itulie. Sasa fungua mdomo kidogo, uvute pole pole."

Akavuta. "Zabibu," alisema. "Zile kavu, zikisharowekwa."

"Huo ndio mvinyo. Endelea."

"Sukari inayoanza kuungua sufuriani. Na... kabati la marehemu mama yangu, likifunguliwa baada ya siku nyingi."

"Mbao?"

"Mbao, na karafuu alizokuwa akitia kwenye nguo."

Ulifumba macho, ukagusisha ulimi, ukatulia. "Naam," ulisema. "Sasa naipata."

Mama hajui hadi leo kama kweli uliipata, au ulimfanyia hisani. Hakukuuliza. Tangu siku hiyo pazia lilifungwa fundo, na kila Jumamosi alikaa nawe hadi adhana ya magharibi. Alinusa, akataja, hakuonja hata tone. Baadaye akawa anakunusia na vingine: samaki wa kupaka jikoni, udongo mvua ikianza, utosi wa mjukuu mchanga. Anasema hamkuwahi kuzungumza hivyo tangu mlipooana.

Ukaondoka. Siku ya khitma, Mahmoud, mwanao mkubwa, aliiona chupa ingali na kitu ndani, akaimwaga kwenye mtaro wa uani kabla mashehe hawajafika. Alitaka kukusitiri, Baba. Harufu ikaingia hadi chumbani. Mama, aliyekuwa amekaa eda, akaja mlangoni.

"Umefanya nini, Mahmoud?"

"Mama, watu wanakuja kumsomea Baba."

Hakumgombeza. Alisimama pale hadi harufu ilipoisha, akarudi ndani.

Umekuwa mwaka mrefu kwake. Binti yako Nadhira humchukua akakae naye kwake Zinga, lakini hata wiki haiishi, anataka kwake. Akipita dukani penye viungo husimama, ana neno la kumwambia mtu, na mtu huyo hayupo. Sisi tukinusa tunasema "inanukia vizuri," basi, maneno yametuishia.

Juzi tulikaa kuandika tangazo hili. Mahmoud alishauri habari ya chupa tuiache, watu watasema.

"Watasema," Mama alijibu. "Lakini mkiitoa hiyo, huyo mtakayemwandika simjui. Mume wangu nilimpata pale."

Mahmoud akainama, kisha akavuta kalamu na karatasi. Haya yote ameandika yeye. Mama alitoka uani, nasi tukainuka kumfuata. Akatupungia mkono tubaki. "Kaeni tu," alisema. "Nimeshazoea." Hajazoea, Baba. Tunamwona.

Unakumbukwa na mkeo Mardhiya. Wanao Mahmoud, Nadhira na Abdillah. Dada yako Fatu wa Mlingotini. Wajukuu zako, majirani, na wote uliofanya nao kazi. Mwenyezi Mungu akusamehe, akurehemu, alifanye kaburi lako pana lenye nuru. Amin.

Tungali tunakupenda, Baba, na hatuna siku tutakayokusahau.