Seva Iliyosema Ipo

Jumatano. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, jioni, bado inapiga mabati hapa Tabata. Viatu vimejaa tope na sina nguvu ya kuvisafisha. Nimechoka mwili na roho, ila nisipoandika haya sitapata usingizi.

Kazi yangu ni kutunza kanzidata ya zahanati kadhaa za huku pembezoni mwa jiji. Taarifa za wagonjwa zimenakiliwa kwenye seva tatu, moja kuu na mbili za nakala, ili moja ikizima nyingine zishike kazi. Mbele ya seva hizo kuna programu inayogawa mzigo, ombi hili huku, lile kule, isielemewe seva moja. Kila baada ya muda mfupi programu hiyo inaiuliza kila seva: upo? Ikijibiwa, inaendelea kuipelekea kazi. Huo ndio tunaouita ukaguzi wa afya.

Asubuhi alinipigia Sista Zuhura, muuguzi wa zahanati moja Gongo la Mboto. Mtu mzima, si wa kupiga simu ovyo.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Mfumo wenu nusura uniponze."

Juzi mtoto mmoja alichomwa penisilini pale, akavimba uso. Daktari wa zamu aliandika kwenye mfumo kwamba asichomwe tena. Leo mtoto karudi na homa, zamu ya daktari mwingine, na kwenye skrini hakuna neno lolote la kuvimba. Akaandikiwa sindano ileile. Sista Zuhura alikuwa ameshaivuta dawa ndipo akamuuliza mama, juzi baada ya sindano mtoto alikuwaje? Mama akamweleza.

Nikafungua kompyuta nikiwa bado nimeshika simu.

Mimi na mwenzangu Gasper tuliikuta haraka. Diski ya seva moja ya nakala ilijaa tangu juzi, kwa hiyo seva ikaacha kupokea taarifa mpya kutoka kwa wenzake. Lakini ikiulizwa upo, inajibu nipo. Programu nayo ikaendelea kuipelekea watu. Kila ombi lililoangukia pale lilijibiwa kwa taarifa zilizopitwa na wakati.

Tuliitoa kwenye mgao, tukasafisha diski, tukairudisha ilipopata taarifa zote walizonazo wenzake. Halafu tukabadilisha ukaguzi. Sasa tunaandika taarifa ndogo kwenye seva kuu, kisha tunaangalia kama zile mbili nyingine zimeipata. Itakayochelewa inatolewa.

Tulijiona tumemaliza.

Mchana mvua ikazidi, mawasiliano kati ya seva yakawa mazito. Zile mbili zikachelewa kidogo tu, na ukaguzi wetu mpya ukazitoa zote. Mzigo wa zahanati zote ukaiangukia seva kuu peke yake, ikazidiwa, skrini zikaganda kila mahali.

Gasper alishika kichwa. "Tumezitoa zilizo nzima, dada."

Tukazirudisha kwa mkono, tukalegeza masharti: kuchelewa kidogo kunavumilika, na ukaguzi hauruhusiwi kuitoa seva ya pili bila mtu kuamua. Ila habari za dawa zinazomdhuru mgonjwa zitasomwa kwenye seva kuu tu, na isipojibu, skrini iandike wazi kwamba haijui.

Bosi alitaka zahanati zitumiwe ujumbe kwamba kulikuwa na tatizo la mtandao. Nilimwambia siwezi kuuandika huo ujumbe. Aliniangalia, akarudi ofisini kwake. Sijui maana yake nini.

Nikampigia Sista Zuhura, nikamweleza yote kama yalivyo. Mtoto kapewa dawa nyingine na homa imeanza kushuka. Nilishusha pumzi. Kisha akasema jambo ambalo limekaa kifuani mpaka sasa.

"Unajua mie zamani nilikuwaga namuuliza kila mama kabla ya sindano. Mlivyoleta huu mfumo nikaacha. Nasoma tu. Leo nimeuliza kwa sababu yule mtoto alikuwa ananikodolea macho, basi, nikatafuta la kusema."

Tumesifiwa sana kwa kuwapunguzia manesi kazi.

"Sista, naomba uendelee kuuliza. Hata skrini ikisema nini."

Nyuma yake nilisikia watoto wanalia. "Foleni imefika nje, mwanangu," akasema. "Ila nitauliza."

Kumbukumbu za ile programu inayogawa mzigo zinaonyesha ni zahanati gani zilijibiwa na ile seva tangu juzi. Mimi na Gasper tumegawana, tumepiga simu moja baada ya nyingine, na kila tuliyempata amekwenda kuhakikisha wagonjwa wake wako salama. Zahanati mbili za Temeke hazijapokea. Tumezitumia ujumbe, hazijajibu.

Hakuna aliyenituma. Kesho zikifungua milango nitakuwa nimeshafika.