Wifi Alinitengenezea Tangazo, Watu Wakaniletea Pole

Mshauri wangu, nakuja kwako na jambo la nyumbani na la kazini kwa pamoja, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nilipoanza kuandika nilicheka kisha nikalia, na karatasi hii unayoisoma ni ya tatu.

Mimi ni fundi wa mapazia, nina duka la chumba kimoja, vyerehani viwili na meza ya kukatia inayokula nusu ya chumba, na watu wananiita Mama Mapazia mpaka watoto wangu wakiulizwa jina la mama yao wanasita. Miaka miwili iliyopita niliteleza bafuni nikavunjika nyonga, nikalazwa, nikapasuliwa, nikarudi nyumbani kulala chali miezi saba, na aliyenishikia duka muda wote huo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, lakini alifungua duka kila asubuhi, akamsimamia fundi mwenzangu, akapokea wateja, na alipoona wateja wanapungua akajifunza mwenyewe kwa simu yake kupiga picha za mapazia na kutengeneza matangazo ya kuweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, ukurasa ambao kabla yake ulikuwa na picha mbili, moja imekaa kichwa chini. Nilikuwa nimelala pale nasikia simu yake inalia, mteja ameuliza, mwingine ameuliza, nikajua duka halijafa. Kwa hilo namshukuru na nitamshukuru mpaka naingia kaburini, na hilo kaburi tutalifikia sasa hivi.

Shida ni hayo matangazo. Wifi anatengeneza tangazo kama alivyokuwa anapamba ukuta wa darasa, hapaachwi wazi hata pa kuweka kidole. Picha ya pazia ipo, nzuri kabisa, maana ana jicho na anajua kusubiri jua liingie dirishani, lakini juu yake kuna vipepeo, kuna nyota zinazometameta, kuna maandishi ya aina sita, ya njano juu ya nyeupe, mengine yamepinda, na namba ya simu imebanwa kwenye kona ya chini kiasi kwamba mteja mmoja alikuja dukani kwa miguu akaniambia ameikosea mara tatu na mara zote akaongea na muuza matairi. Niliyaona hayo tangu mwanzo, ila ningesema nini, mtu ananifungulia duka mchana na jioni anakuja kuniogesha, nimwambie vipepeo vimezidi? Kila akinionyesha nilijibu, asante wifi, limependeza, naye kesho yake anaongeza kipepeo, na hata nilipopona nikarudi dukani ukurasa ulibaki mikononi mwake.

Mwezi uliopita duka lilitimiza miaka kumi na yeye akataka kunishtua. Akachukua picha niliyopigwa kwenye harusi ya mpwa wangu, nimefunga kilemba cheupe, nimetabasamu kidogo, akaitia kwenye fremu ya duara, akaizungushia maua ya zambarau, akaweka mishumaa miwili, chini akaandika mwaka duka lilipoanza, kistari, mwaka huu, halafu kwa yale maandishi ya kupinda, "Asante kwa yote, Mama Mapazia." Neno pazia hakuliweka popote zaidi ya kwenye jina langu. Aliliposti saa mbili asubuhi, na kufika saa nne nilikuwa nimeshakufa.

Mume wangu alipigiwa simu kazini na rafiki yake analia. Jirani muuza rangi alifunga duka lake kwa heshima yangu. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa udereva, alikuja amevaa nguo nyeusi kuwapa pole wafiwa, akanikuta nimeinama chini ya meza natafuta kifungo, nilipoinuka akakaa sakafuni bila kuambiwa. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona marehemu ameishi miaka kumi tu. Meseji zilipita mia mbili, mshauri, nilizisoma zote, na niseme ukweli, si watu wengi wanaopata bahati ya kusoma rambirambi zao wenyewe. Mwanamke mmoja aliandika kwamba alipoachika akahamia chumba kitupu, pazia langu ndicho kitu cha kwanza kilichomfanya aseme hapa ni kwangu. Wengine walikuwa wanamuulizia yule mama anayejibu kwenye simu, yaani wifi, mmoja anasema mama huyo alimvumilia alipobadilisha rangi mara nne, mwingine anasema alimfundisha kupima dirisha kwa sauti ya upole kama anamfundisha mtoto.

Wifi hakucheka. Alilifuta tangazo, akaandika neno la siri la ukurasa kwenye karatasi, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaniambia, "Wifi, nimekuzika mbele za watu. Mtafute anayejua." Sasa ni wiki ya tatu. Watoto wakienda kwa shangazi yao wanapokewa vizuri, mimi nikienda naambiwa amelala, saa tano asubuhi.

Na biashara nayo haijakaa kimya, kuna meneja wa nyumba ya wageni anataka mapazia ya vyumba ishirini, kaangalia ukurasa wetu kaniuliza kwa adabu kama tunashona mapazia au tunapamba sherehe za watoto. Nikatafuta mtaalamu wa matangazo, ana ofisi yake, kazi zake ni safi, lakini sharti lake la kwanza ni kufuta picha zote za zamani, yaani zote za wifi, aanze upya, na jibu analitaka Jumatatu. Mume wangu anasema dada yake hasira zitaisha zenyewe. Nikimkubali mtaalamu ni kama nimemfukuza mtu aliyeniokoa, nikimkataa nitaendelea kuonekana chekechea, na mimi wifi yangu sitaki kumpoteza. Nifanyeje?

Ni mimi, Mama Mapazia, mzima kabisa.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mapazia, nimecheka. Huwezi kunikataza kucheka halafu ukaniletea mwalimu wa udereva sakafuni. Nimefurahi uko hai, na nimefurahi zaidi kwamba wifi wa namna hiyo bado wapo, maana barua ninazopokea kuhusu mawifi kwa kawaida hazinukii vizuri.

Sasa kaa nikuseme. Hilo tangazo la msiba mmelitengeneza wawili. Miaka miwili unamwambia limependeza huku moyoni unahesabu vipepeo, ukadhani hiyo ndiyo shukrani. Fundi mwenzako akikata pazia upande, unamwambia limependeza? Unamfumulia, unamwonyesha, anarudia, na wote mnakula. Wifi yako, aliyekuogesha, hukumpa hata heshima ya kufumuliwa. Ukamwacha aende peke yake mpaka akafika kwenye mishumaa, na siku ya kuaibika ukamwacha aaibike peke yake pia.

Halafu soma barua yako mwenyewe. Umeniambia ana jicho la picha na anajua kusubiri jua. Umeniambia watu waliodhani umekufa walikuwa wanamuulizia yeye. Mama, hivyo vitu viwili hakuna ofisi inayoviuza. Anachokosa ni kujua pa kuishia, na hilo linafundishika kwa mchana mmoja.

Tangazo moja lina kazi moja. Likionyesha pazia, lionyeshe pazia, na picha ikiwa nzuri iache ipumue, maneno yawe machache: ni nini hiki, nakipataje. Maandishi ya aina moja yanatosha, mbili ukishindwa kabisa kujizuia. Chagua rangi mbili za duka lako, uzichague wewe mwenye duka, na mzitumie kila wakati mpaka mtu akiwa anapitisha kidole kwenye simu akutambue kabla hajasoma. Maneno yakolee pale mandhari ilipofifia. Namba ya simu, mpe mume wako simu aishike kwa mkono ulionyooka, asipoisoma ikuzeni. Na hiyo nafasi tupu inayomkera wifi yako, mweleze kwa lugha ya kazi yenu: dirisha usipoliachia sehemu wazi, chumba ni giza. Mkiwa na sherehe ya duka, onyesheni duka, mafundi, madirisha mliyovalisha miaka kumi, uso wako ukae pembeni bila duara wala maua. Na kabla ya kuposti, mwonyesheni mtu mmoja asiyehusika, mwulizeni ameelewa nini. Kwa swali hilo moja muuza rangi angeuza rangi siku ile.

Mtaalamu usimkatae. Jumatatu mwambie unataka nembo, rangi zenu zikae sawa, na maumbo matatu ya tangazo yaliyopangwa tayari, ambayo wifi yako atakuwa anapachika picha humo na kubadilisha maneno. Na amfundishe kuyatumia, hiyo iwe sehemu ya kazi. Kufuta, hapana. Matangazo yanayomchanganya mteja yafichwe, yabaki kwenye hifadhi yenu, ule ni mwaka uliokuwa umelala na mtu akakushikia. Akisema bila kufuta hafanyi, mshukuru mfungulie mlango, wenye kazi hiyo ni wengi.

Meneja hahitaji nembo leo. Anataka kuona pazia, basi mtumie picha tano zikiwa kama zilivyopigwa, kabla ya vipepeo. Na picha hizo safi ziko wapi? Kwenye simu ya wifi yako. Unaona sasa kwamba huna njia ya kumkwepa.

Lakini ole wako uende ukianza na picha. Ukiambiwa amelala, kaa hapo nje, mtu halali siku nzima. Akitoka, msomee kwanza zile meseji zinazomuulizia yeye, zote, usiruke, maana nina hakika alifuta tangazo bila kuzisoma. Mshukuru kwa miezi saba ile, mwezi kwa mwezi. Kisha mwambie hivi: "Wifi, ulinibeba nikiwa sijiwezi, na mimi nikakulipa kwa kukudanganya. Picha zako ni nzuri kuliko za mtu yeyote ninayemjua, na mapambo yamezidi. Rudi tufanye kazi, na kuanzia leo nitakuwa nakwambia."

Kwa ninavyowajua walimu, atakuuliza kama kweli yamezidi.

Usirudi nyuma, mama. Mshike mkono, useme ndiyo.