Madoa Matatu kwenye Anga

Eldoret, 14 Februari 2025

Kaka Kigen,

Leo nakueleza yote, hata yale yatakayokukasirisha. Sisi ni wazima, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Ulimwambia Mama nimekwaruza lenzi ya kamera uliyoniachia. Akafoka, "Jeruto, wacha vitu vya watu! Inarudi kwa kaka yako Timboroa."

Niliishika hata hivyo. Nilipiga picha ya anga tupu, tundu la lenzi likiwa dogo kabisa, nikaona yale madoa matatu uliyoyaita mikwaruzo. Nikaweka lenzi nyingine, madoa yakabaki palepale. Basi lenzi haina kosa. Ni vumbi lililo ndani, kwenye kihisi kinachopokea picha.

Nikafungua picha zako za zamani. Madoa yanaanza siku ile Moiben, ulipobadilisha lenzi kando ya mashine ya kupukuchua mahindi. Mimi nilikuwa sijawahi kuigusa kamera hiyo.

Niliinamisha kamera, nikapuliza kihisi kwa pampu ya mpira, bila kukigusa. Anga sasa ni safi.

Mashindano ya mbio ya shule ni mwezi ujao, nami nataka kuyapiga picha. Siombi msamaha. Je, utamwambia Mama ukweli wewe mwenyewe, au nimwonyeshe zile picha zako za mahindi, zenye madoa?

Mdogo wako,
Jeruto