Makubazi ya Mzee Moindjié

Moroni, 4 Februari 1979

Mama mdogo Latoifa,

Salamu nyingi. Hapa Magoudjou sote wazima, hofu ni kwako na lile goti. Naandika Kiswahili chetu cha Unguja, jirani asisome.

Nimeajiriwa kambini kuwafasiria hawa mamluki wa Kizungu. Wakimhoji mtu, mimi ndiye ulimi wao. Jina langu haliwakai mdomoni, wananiita Roger, na sasa nikiitwa Roger nageuka. Ijumaa nikivua mabuti waliyonipa mlangoni mwa msikiti, mzee Moindjié huyasogeza makubazi yake mbali kwa fimbo. Nilicheka, kisha nikalia. Sijijui tena mimi ni nani. Wewe uliyenifundisha Kurani, nipe aya.

Mwanao, Rachadi

Mutsamudu, 19 Februari 1979

Mwanangu Rachadi,

Waalaikumu salaam. Goti linauma, mdomo haujambo, basi nisikilize.

Soma sura ya Taha, pale Musa anapouona moto. Utotoni uliikariri mbio mbio kama unayefukuzwa na mbwa. Sasa soma polepole. Alifuata kijinga cha moto tu, akaitwa: "Ewe Musa!" Jina kwanza, ndipo akaambiwa avue viatu. Mwalimu wangu akisema bonde lile takatifu limo kifuani, na viatu ni kila tunachokanyagia wenzetu. Sikwambii uache kazi, najua una watoto. Nauliza tu: ukinyamaza, ni nani anayeitwa humo ndani?

Mama yako mdogo, Latoifa

Mutsamudu, 2 Juni 1979

Rachadi mwanangu,

U mzima? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kila meli ikifika nateremka bandarini na goti hili, hata wapagazi wamenichoka. Kama aya yangu imekutia matatani, nisamehe. Niandikie japo jina lako.

Mama yako mdogo

Moroni, 16 Juni 1979

Mama mdogo,

Rachadi. Ndilo hilo jina uliloomba. Ni mzima, na barua zako mbili za mwisho nimezikuta nyumbani.

Aya niliisoma kila alfajiri. Siku moja waliletewa mwalimu wa shule wamhoji, wakaita, "Roger!" Wallahi sikugeuka, wala sikukusudia. Nikasema, "Mimi Rachadi, na huyu simfasirii." Wakanifungia miezi mitatu. Mle ndani hamkuwa na moto wowote, lakini moyo ulitulia kama uliofika kwao. Nashindwa kukueleza zaidi.

Walinitoa juzi, bila kazi, bila mabuti. Jana nikaenda msikitini peku. Nilipotoka, mzee Moindjié alinisogezea makubazi yake kwa fimbo ileile.

"Vaa, Rachadi," akasema.

Ni makubwa, yananipwaya. Nitakuja nayo Mutsamudu kwa meli ijayo, uyaone. Usiteremke bandarini, nitapanda mwenyewe hadi kwako.

Mwanao, Rachadi