Rubani Asiye na wa Kumlilia

Jumatatu, 3 Novemba
Foleni ya Khuwair, Maskati yote barabarani, kichwa chanigonga. Nimefika nyumbani, Mama yuko kwenye kiti kile kile. Eda ya kumfia Baba imekwisha tangu kabla ya Ramadhani, na mlango wa nje hajauvuka. Hata kwa jirani haendi. Nimechoka kumbembeleza. Nnaogopa pia.

Jumanne, 4 Novemba
Binti yangu Nadhra ana mchezo wa kuigiza skuli. Meli ya angani ya zamani, puto refu lenye injini, enzi ndege zenyewe bado changa. Inashika moto, inaanguka, rubani anakufa. Rubani ndiye yeye, na furaha yake utadhani bi harusi. Anataka Bibi yake aishone hiyo meli, na aje kumtazama. Kushona, Mama kakubali. Kuja, kageuza maneno, kauliza uzi uko wapi.

Ijumaa, 7 Novemba
Makubwa! Leo ndipo Mama kasikia kuwa rubani anakufa. Katupa sindano.
"Mtoto hachezei mauti. Maneno huumba."
Nadhra kalia, kajifungia chumbani. Mie kati yao, na wali unaungua.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya chakula Mama kamuuliza mjukuu wake:
"Na huyo rubani, nani alimlilia?"
"Kwenye mchezo hamna mtu, Bibi."
"Maskini! Kafa mbele ya watu, hana hata wa kumlilia."
Kisha kainuka, kafungua kabati la Baba. Katoa kanzu zake nyeupe. Kazikata, kaanza upya kuishona meli. Nilitaka kumzuia, mkono haukwenda.

Alhamisi, 13 Novemba
Leo ndiyo siku ya mchezo. Nimetoka chumbani, Mama yuko mlangoni. Buibui, chupa ya kahawa, tende.
"Fanya upesi, unanichelewesha msibani."
Msibani! Sikucheka.
Huko skuli, meli ikapanda kwa kamba. Moto wa karatasi. Ikaanguka, Nadhra kalala chini. Watu wakapiga makofi. Mama kalia. Kwa sauti, mbele ya walimu wote. Baba alipokufa hakutoa chozi. Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma, simjui, akaja kumshika bega. Kisha mwengine naye. Maiti kafumbua jicho moja, kateremka jukwaani mbio, kamkumbatia Bibi yake. Wanja wangu wote mashavuni.

Kahawa ilitosha watu wote wa safu yetu.

Jumamosi, 15 Novemba
Meli tumeitundika sebuleni. Kishada cha nyuzi cha shingo ya kanzu ya Baba bado kinanukia udi.

Asubuhi Mama kavaa viatu. Anataka nimpeleke madukani Ghubra, eti uzi umemwishia. Droo ya meza imejaa uzi, nimeuona. Nimechukua ufunguo wa gari.